Mwenye Maslahi Hapigi Kura

Maji yana harufu. Anayebisha hajawahi kunywa maji yaliyolala siku tatu ndani ya dumu lililokuwa la mafuta ya kula. Harufu ile haitoki. Ulisugue dumu kwa mchanga, ulisuuze kwa majivu, ulianike juani mdomo wazi wiki nzima, ukishalijaza maji tu alizeti inaamka. Chai yetu ilikuwa na macho ya mafuta yakielea juu yake, wali ulinukia dumu, na asubuhi ukinawa uso unabaki unateleza kama uliopakwa kitu. Hayo ndiyo maji ya Sangasanga ya utoto wangu, kando ya barabara kuu iendayo Iringa. Wengi wakisimulia utoto wao hutumia sauti ya kubembeleza, kana kwamba kila kilichopita kilikuwa kitamu. Mimi siwezi. Nikikumbuka mwaka ule tulipohama mjini, hasira hunipanda mpaka masikioni, na sioni sababu ya kuificha. Mficha uchi hazai.

Kinachonichoma zaidi ni kwamba maji yalikuwepo. Ukifika Sangasanga kutoka Morogoro mjini, ukaiacha lami na kukunja kushoto kufuata barabara ya vumbi inayoelekea milimani, hufiki mbali unaingia Mlali. Kule milima ya Uluguru imesogea mpaka inakaribia kukugusa bega, na maji yanashuka yenyewe, yanapita kwenye mifereji iliyochimbwa na watu waliokwisha kufa zamani, yanazunguka nyuma ya nyumba, yanaingia kwenye mchicha na figiri na nyanya za watu. Nyuma ya nyumba ya bibi yangu, mama yake mama, mfereji mmoja ulipita karibu na jiko. Bibi alikuwa akikoroga ugali, akihitaji maji anageuka tu na kata mkononi, anachota, anaendelea kukoroga. Maji yale yalikuwa ya baridi ya kuumiza meno, na hayakunukia kitu chochote isipokuwa majani yaliyolowa. Kati ya mahali hapo pawili, Sangasanga na Mlali, ndipo wazazi wangu walipotakiwa kuchagua. Nitaeleza jinsi walivyochagua, na mtaona wenyewe kama nina haki ya kukasirika.

Nilikuwa na miaka kumi. Tulikuwa tukiishi Mwembesongo, Morogoro mjini, vyumba viwili vya kupanga, baba, mama, kaka yangu Deo aliyekuwa na miaka kumi na tatu, na mimi. Baba alifanya kazi kiwandani, na kule kiwandani alikuwa katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi. Hilo la ukatibu lishikeni vizuri, maana lilituponza. Mama alikuwa na genge mbele ya nyumba: nyanya, vitunguu, nyanya chungu, mafungu ya mchicha aliyoyanyunyizia maji kila mara yasinyauke. Mwezi wa kumi, joto likiwa limeukalia mji, mwenye nyumba akaja kwa heshima zote na kusema kijana wake anaoa, vyumba vyetu anavihitaji, kwa hiyo mwisho wa mwaka tuwe tumeondoka. Baba akasema hatapanga tena maishani mwake. Atajenga. Mjini hakukuwa na kiwanja cha uwezo wetu, lakini mtu angeweza kukaa Mlali au Sangasanga na kuja mjini kazini kila siku, kama walivyofanya wenzake kadhaa. Kilichobaki ni kusema wapi.

Mlali tulikuwa na ardhi tayari. Nasema tulikuwa, lakini alikuwa nayo mama. Kwa Waluguru ardhi hufuata tumbo la mama. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na kipande chake cha kulima hukipata kwa wajomba, si kwa baba. Mama alikuwa na kipande chake pale chini ya nyumba ya bibi, kinapakana na mfereji, na toka ameolewa alikuwa akikiota mchana kweupe. Alikuwa akijua mahali atakapopanda hoho na mahali atakapoweka kitalu cha kabichi, na alikuwa amekwishahesabu kwamba akilima mwenyewe na kuuza mwenyewe, hatalanguliwa tena na mtu. Alituchorea nyumba kwa kijiti kwenye vumbi la uwani Mwembesongo: mlango huku, jiko huku, mfereji huku. Mjomba Kasiani, kaka yake mkubwa aliyekuwa msimamizi wa ardhi ya ukoo, aliposikia habari zetu alifurahi. Alisema kipande kipo, ila mambo mawili. La kwanza, masika isikikute na majani, kwa sababu ukoo una watu wengi wanaohitaji pa kulima, na ardhi iliyolala hupewa mwingine. La pili, shemeji aje mwenyewe aoneshwe mipaka, na aje na jogoo mmoja.

Jogoo mmoja! Mpaka leo nikilitamka neno hilo napandwa na wazimu. Ndivyo desturi ilivyo: mwanamume wa ukoo mwingine anayekuja kukaa kwenye ardhi ya ukoo wa mkewe humletea msimamizi jogoo, kama kukiri mbele za watu kwamba ardhi hii si yake, amekaribishwa. Jogoo huyo huchinjwa siku hiyohiyo na huliwa na wote, mgeni akiwa amekaa katikati yao. Mjomba alimwambia mama, "Mwambie shemeji jogoo si bei. Ni hodi tu." Lakini baba yangu ni mtu wa Kagera. Kwao mwanamume hurithi kibanja, shamba la nyumbani, kwa baba yake, hufa na kuzikwa humo, na asiye na kibanja hana pa kusimama baraza la wanaume likikaa. Mama alipompa ujumbe ule, aliweka kikombe chini polepole. "Nibebe jogoo kwapani, mbele za watu, nikaombe pa kulaza watoto wangu? Mama Deo, mimi nimeolewa?"

Na neno hilo, kuolewa, halikutoka kichwani mwake. Lilitoka kiwandani. Wenzake walikuwa wamekwisha kupata habari, na wakati wa chakula cha mchana walimtania: katibu wetu anaolewa Mlali, tumchangie kanga za kwendea. Utani wa kawaida wa wanaume, wa kucheka na kusahau. Baba hakusahau. Wiki iliyofuata akaja na habari za kiwanja Sangasanga, karibu na lami, kinachouzwa na mtu aliyekuwa akihamia Dodoma. Kiwanja hicho kilikuwa cha kokoto na miiba. Hakikuwa na mti mmoja wala tone la maji. Lakini kilikuwa cha kununua, na cha kununua ni chake. Alikuwa tayari kumpa mtu asiyemjua akiba yake yote, kuliko kumpa shemeji yake kuku. Wahenga walisema mkataa pema pabaya panamwita, na pabaya palimwita baba kwa jina lake kamili.

Mama alibishana naye, lakini kwa namna yake, kwa kusema kidogo na kurudia. Alisema maji. Akasema tena maji. Baba alisema serikali italeta bomba Sangasanga, kwa sababu bomba hufuata barabara. Alisema huko barabarani atamjengea mama duka la kweli, lenye kaunta. Mama akasema, "Duka halinywewi." Ikawa hivyo wiki nzima, na mimi na Deo tukilala tukiwasikia upande wa pili wa pazia, mpaka baba akatangaza kwamba nyumba hii ina utaratibu, na jambo hili litaamuliwa na familia nzima kwa kura. Lakini wajumbe lazima wakague kwanza maeneo yote mawili. Wajumbe tulikuwa mimi na Deo.

Jumapili ya kwanza tulikwenda Mlali. Ningependa kusema nilipapenda, na kwa kweli nilipapenda, lakini nilikuwa mtoto wa mjini na nilikuwa na kiburi cha kitoto. Binamu zangu waliongea Kiluguru wakanicheka nilipojibu kwa Kiswahili. Nilitumwa kuteka maji nikabeba ndoo kwa mikono miwili mbele yangu kama mjamzito, na binti mdogo kuliko mimi akanipita na ndoo kichwani, mikono imening'inia, akaimba huku akipita. Bibi alinipa jembe dogo nikapalilie, nikang'oa miche ya hoho nikidhani ni majani. Hakunigombeza. Alicheka mpaka akakaa chini, kisha akaniambia, "Hoho wanasikia aibu kwa ajili yako," nami nikanuna mpaka tulipoondoka. Deo, ambaye siku nzima alikuwa kwenye mfereji akizuia maji kwa matope na kuyafungulia, alirudi na tope mpaka kwenye nyusi, na njia nzima hakuongea kitu kingine ila mfereji.

Jumapili ya pili tulikwenda Sangasanga. Na hapo baba yangu, katibu mwadilifu, mtu aliyekuwa akiwakemea wenzake kiwandani wasinunuliane bia wakati wa uchaguzi wa tawi, alituingiza kwenye mgahawa na kuninunulia soda ya machungwa. Baridi. Chupa nzima peke yangu, wakati nyumbani chupa moja tulikuwa tukigawana kwa kikombe. Nikakaa kwenye benchi, miguu ikining'inia, nikatazama mabasi makubwa yakipita na watu wake wamelala midomo wazi, na baba akanionyesha kwa kidole nguzo za umeme. "Unaona zile? Zinapita mbele ya nyumba yako. Utasoma kwa taa." Nikaamini kwamba nguzo ikipita mbele ya nyumba basi taa imeshawaka ndani. Deo hakumaliza soda yake. Aliuliza maji ya kujengea yatatoka wapi, na baba akamwambia asiwe kama mama yake.

Kikao kilifanyika Jumamosi iliyofuata, mchana, sebuleni. Baba alivaa shati la mikono mirefu. Alikuwa na daftari lake la kumbukumbu za vikao, akaandika tarehe na majina ya waliohudhuria, akasoma agenda: kufungua kikao, mahali pa kujenga, mengineyo. Mama alikuwa mlangoni na ungo mapajani, anachambua mahindi na maharage ya kupika makande. Baba akaeleza utaratibu. Punje ya hindi ni Sangasanga, punje ya harage ni Mlali. Kila mjumbe atatumbukiza moja kikombeni, kwa siri. Akainama akachukua punje mbili mbili kwenye ungo wa mama bila hata kumwomba, akatugawia mimi na Deo. Mama akanyoosha mkono. "Na mimi?"

Nitayaandika maneno ya baba kama alivyoyasema, kwa sababu nimeyabeba toka siku hiyo. "Mama Deo, ardhi ile ni ya kwenu. Kwa hiyo wewe una maslahi binafsi. Kikanuni, mwenye maslahi hapigi kura." Mama akamwuliza yeye je. Akasema yeye ni mwenyekiti, na mwenyekiti hapigi kura isipokuwa kura zikilingana. Alisema hivyo kwa upole, bila ubaya usoni, kama mtu anayemweleza mgeni njia ya kwenda stendi. Mama akarudisha mkono wake kwenye ungo akaendelea kuchambua. Na mimi sikuona kosa lolote. Niliona fahari. Niliitwa mjumbe, nilikuwa na punje mbili kwenye kiganja, na mama yangu hakuwa nazo.

Nilitumbukiza hindi. Deo alitumbukiza harage. Siri gani hiyo ya watu wawili? Baba akamimina kikombe mezani, akatangaza kura zimelingana, moja kwa moja, akaandika, halafu akainuka tena, akachukua hindi la tatu kutoka kwenye ungo wa mama na kuliweka juu ya meza. Mwenyekiti ametumia kura yake ya turufu, Sangasanga imepita. Deo akanitazama kwa jicho ambalo sijalisahau. Mama aliinuka, akazikusanya punje zote pale mezani, maharage na mahindi, akazirudisha kwenye ungo pamoja na nyingine. "Mmemaliza? Basi mtasubiri. Makande hayaivi kwa kikao." Akaenda uani. Mimi nikamwuliza baba kama kwenye mengineyo naweza kuomba rangi ya mlango.

Tulihamia Sangasanga mwisho wa mwaka, nyumba ikiwa haijapigwa lipu, chumba kimoja tu kikiwa na bati. Nguzo za umeme zilipita mbele ya nyumba yangu kama nilivyoahidiwa. Zilipita tu. Umeme wenyewe ulikuja kuingia ndani nikiwa nimeshamaliza shule ya msingi. Bomba halikufuata barabara wala halikufuata kitu kingine. Maji tulikuwa tukiyafuata kwenye kisima cha mbali, cha chumvichumvi, au tukinunua kwa watu wa mikokoteni waliotuuzia na kisirani juu. Aliyeyafuata, bila shaka, hakuwa mwenyekiti. Mwenyekiti alipanda basi alfajiri kwenda kazini na kurudi jioni, akaoga. Aliyeyafuata maji alikuwa mama, na baada ya mama, Deo na mimi. Nilijifunza kubeba ndoo kichwani pasipo mikono mwaka ule, na hakukuwa na binamu wa kunicheka wala mfereji wa kuimbia. Duka la kaunta halikujengwa. Mama aliweka meza barabarani akakaanga mihogo kwa ajili ya abiria, moshi wa mafuta ukimpiga usoni na vumbi la malori likimpiga mgongoni.

Masika ilipokuja, iliikuta ardhi ya Mlali na majani. Mjomba Kasiani alishuka mwenyewe mpaka Sangasanga kuja kutuambia, maana alikuwa mtu wa heshima. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba huku anatazama nyumba yetu isiyo na mti. Alimwambia mama, "Dada, nimekungoja mpaka nimeanza kusemwa." Kipande kile amepewa binamu yake mama, mjane mwenye watoto watano. Asiyekuwepo na lake halipo. Mama hakulia. Alimtengea kaka yake mihogo ya moto, akamsindikiza mpaka njia panda, akarudi kwenye meza yake. Lakini sikilizeni kilichofuata, maana hapa ndipo hasira yangu ilipo nzima. Yule binamu alikuwa mkulima hodari. Kila asubuhi mizigo yake ya mboga ilishuka kwa barabara ya vumbi mpaka njia panda ya Sangasanga, na mama, alipoamua kurudia biashara yake ya genge, alikuwa akienda pale kuinunua. Mama yangu alinunua, kwa bei ya jumla, mchicha ulioota kwenye ardhi yake. Alifanya hivyo miaka. Alikuwa akiinua fungu, akilinusa, akilirudisha, akichagua jingine, na hakuna siku hata moja niliyomsikia akisema hiki kilikuwa cha kwangu.

Baba hakuwa mlevi, hakutupiga, hakutunyima ada. Nasema haya ili msidhani ninamsingizia. Lakini kila mara jambo lilipoharibika, kisima kilipokauka, mgongo wa mama ulipoanza kuuma, Deo alipokorofishana naye akaondoka zake kwenda kutafuta maisha Ifakara, baba alikuwa na jibu moja. "Mlipiga kura wenyewe." Akinitazama mimi. Kama hakusema hivyo, alisema, "Asteria ndiye aliyetuleta hapa," na kucheka, kama utani wa nyumbani. Nimeusikia utani huo kwenye kipaimara changu. Nimeusikia kwenye sherehe ya harusi yangu, kwenye kipaza sauti, wageni wakapiga makofi. Na miaka mingi niliuamini. Nilipomwona mama akishika kiuno kabla ya kuinama, nilijiambia ni soda ya machungwa ile. Sasa nafundisha hesabu kwenye shule moja mjini, na hata bila hesabu naweza kuona: watu wawili kati ya wanne wakinyimwa kura au kujifanya hawana, na mmoja wao ana kura mfukoni anangoja zamu yake, huo si uchaguzi. Mtoto wa miaka kumi hachagui mahali pa kuishi. Alitafutwa mtu wa kubeba lawama, akapatikana mwenye mabega mepesi kuliko wote.

Mimi na mume wangu, Joakim, tumepanga Kilakala miaka mingi. Tuna binti mmoja, Neema, ana miaka tisa. Mwaka jana tukafikia pale walipofikia wazazi wangu: kujenga, na nje ya mji, na palepale, Sangasanga au Mlali. Sangasanga ya leo si ile. Ina maduka, ina gesti, ina vituo vya bodaboda, na bomba lipo, linatoa maji siku linapopenda. Baba mwenyewe, mzee sasa, ananunua maji kwa bajaji na kulalamika. Mlali nayo imejaa watu wa mjini wanaotafuta hewa. Sikutaka kusikia hoja. Nilisikia kuna mwalimu mstaafu anauza kiwanja chake cha Mlali arudi kwao Singida, mfereji unapita pembeni. Nikamshawishi Joakim, tukakinunua. Mimi, mtoto wa ukoo, nikanunua kwa mgeni mahali nilipokuwa na haki ya kupewa! Lakini nilikuwa na mpango, na mpango ulinifanya niuvumilie uchungu huo. Nyumba itakuwa na chumba cha mama, dirisha lake linatazama bustani. Nitamrudisha kwao. Nitaifuta kura yangu.

Tulikwenda Sangasanga Jumapili baada ya misa kuwapa habari. Kwanza sikutaja kiwanja. Nilimwambia baba tu kwamba tunafikiria kujenga kati ya hapa na Mlali. Macho yake yakang'aa. Akavuta kiti, akamwita Neema, akamweka mbele yake. "Jambo kama hili ni la kushirikishana. Haya, mjukuu wangu, wewe ni mjumbe. Unapenda wapi?" Na mkono wake ukaingia mfukoni kutafuta hela ya soda.

Sijui nilisimama saa ngapi. Najua kiti kilianguka. Nilimwambia mwanangu atoke nje akacheze, halafu nikamwambia baba yangu mambo ambayo mtu hamwambii baba yake. Nilimwambia alikuwa mwoga. Kwamba aliogopa kuchekwa na wanaume wa kiwandani, akamfanya mtoto wake ngao, na hata baada ya vita kwisha hajaiweka ngao chini. Kwamba mama alibeba maji miaka yote hiyo kwa sababu yeye alishindwa kubeba jogoo. Joakim alinishika mkono, nikautoa. Baba alikuwa amekaa, mikono juu ya magoti. Mwishowe akasema kwa sauti ndogo, "Nilitaka mjizoeze kuamua." Kisha baadaye kidogo, "Wangenicheka, Asteria. Hujui walivyokuwa wakicheka." Ndilo jambo la kweli la kwanza kuniambia, na sikumhurumia. Nilikuwa na hati ya kiwanja kwenye mkoba. Nikaitoa, nikamgeukia mama, aliyekuwa mlangoni anamenya mihogo, nikaiweka juu ya mapaja yake. Nikamwambia yamekwisha, nyumba itajengwa Mlali, mwezi wa sita atahamia kwangu, chumba chake kimeshachorwa.

Nilitegemea alie. Kwa kweli nilikuwa nimejiandaa kumfuta machozi. Mama aliipangusa mikono yake kwanza, akaichukua ile karatasi, akaitazama mbele na nyuma, akanirudishia. "Baba yako mwaka ule hakuniuliza," alisema. "Na wewe, mwanangu, umeniuliza lini?"

Nilikuwa nimemwuliza Joakim. Nilimwuliza fundi. Nilimwuliza hata mwalimu mstaafu kama mfereji hukauka kiangazi. Mama akaendelea kumenya, akisema polepole kama anaongea na muhogo. Kwamba hapa ana jumuiya yake, na wanawake wenzake waliomsaidia kumzika dada yake. Kwamba Mlali ya bibi ilikwenda na bibi, na waliopo kule sasa wengi hawamjui. Kwamba mgongo unamwuma na maji ya bomba ya chumvi ameyachoka. Kwamba baba yangu hajui kupika hata uji. Yote aliyasema, na hakuna mahali aliposema ndiyo wala hapana. Nikaokota kiti, nikakaa karibu naye, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nikamwuliza. "Mama, unataka kuishi wapi?"

Akanitazama kuona kama ninauliza kweli. "Ngoja nifikiri," akasema.

Kura ile ya sebuleni ilikwisha kabla sufuria halijachemka. Huu ni mwezi wa tatu mama anafikiri. Baba anamwuliza kila siku, nasikia, na yeye humjibu bado. Juzi alikwenda Mlali peke yake, hakumwambia mtu, akarudi jioni na viatu vyenye tope, na hakusema ameona nini. Hasira yangu kwa baba haijaisha, na ile ninayojionea mwenyewe ndiyo kwanza imeanza. Matofali yapo kiwanjani chini ya turubali. Fundi ananipigia simu kila Jumatatu, amechoka, ana kazi nyingine zinamngoja, anauliza kinachotuchelewesha ni nini, ramani, kibali, au saruji. Namwambia vyote vipo. Tunamsubiri mama.